SOMO LETU: Kumlisha Mgonjwa wa Kiharusi Akisharudi Nyumbani



Mara nyingi tunaulizwa hivi: mtu akipatwa na kiharusi, hospitali ikamtibu ikamruhusu kurudi nyumbani, sisi majirani tumsaidie namna gani? Wengi hufikiria kwanza kiti cha magurudumu au pesa za dawa. Hayo ni ya maana sana. Lakini leo tuzungumze juu ya kikombe na kijiko, kwa sababu hapo ndipo sisi wenyewe tulikosea.

Tulikuwa tukimtembelea mzee mmoja aliyepooza upande wa kulia. Mkewe alimtunza vizuri, nyumba safi, shuka zimefuliwa. Kila mara tulimkuta mzee amelala chali, mama akimnywesha uji mwepesi kwa kikombe. Mzee anakohoa. Jioni homa kidogo. Tukasema ni baridi ya mwezi wa saba. Tena tukamshauri mama azidishe maji kwa uji ili upite haraka! Kumbe tulikuwa tunamzamisha. Haukupita mwezi akarudishwa wodini, mapafu yameshikwa na nimonia.

Alipotoka mara ya pili, alifuatwa nyumbani na mtaalamu wa lishe. Wengi wetu tunamjua mtaalamu wa lishe kama yule anayepima watoto kliniki. Huyu kazi yake ni watu wazima wanaojifunza upya kula, kutembea na kujitegemea baada ya ugonjwa au ajali. Tulidhani atatoa karatasi yenye orodha ya vyakula vya dukani. Badala yake aliomba kuona jiko.

"Mama, jana mzee alikula nini tangu asubuhi?"

"Uji."

"Na mchana?"

"Uji tu, mwanangu. Jioni chai, maana anaipenda."

Mzee hakuweza kusimama kwenye mizani, basi akampima mkono wa juu kwa utepe, kisha akaomba mshipi wake. Mshipi ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya kwa msumari. Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Aliangalia pia dawa za presha, meno, na shavu la upande uliopooza. Ndani ya shavu kulikuwa na uji wa asubuhi.

Akatufundisha hivi. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Tukimeza, njia ya hewa hujifunga. Kiharusi kinaweza kuchelewesha kufunga huko, na maji, kwa kuwa yanakimbia, huingia kwa mapafu kabla mlango haujafungwa. Ndiyo maana mtu anaweza kupaliwa na maji lakini asipaliwe na kiazi kilichopondwa. Dalili ni kukohoa wakati wa kula, sauti kuwa kama ina majimaji, chakula kubaki shavuni, na homa inayorudi rudi. Wengine hawakohoi kabisa, na hao ndio wa kuogopewa zaidi. Ukiona dalili hizi usijaribu jaribu. Mgonjwa apelekwe apimwe namna anavyomeza.

Wataalamu wa nchi nyingi wamekubaliana juu ya ngazi 8 za uzito na ulaini, kutoka 0, ambayo ni maji, hadi 7, ambayo ni chakula cha kawaida. Mzee aliwekwa ngazi ya 4. Uji wa ngazi hii ukiinua kijiko hautiririki. Ukiinamisha kijiko, unaanguka wote kwa pamoja, na hauachi gundi nyingi. Hauna vidonge wala makapi. Ugali haukufaa kwa sababu unakatika punje punje na kushika kooni, na githeri ina maganda. Lakini viazi vitamu viliponda vizuri na maziwa, maharagwe yalipitishwa kwa chujio, na parachichi lilikuwa mtini nyuma ya nyumba likiliwa na ndege. Msikimbilie kufanya kila kitu kizito, tafadhali. Anayepewa vinywaji vizito mara nyingi hunywa kidogo, akaishiwa maji mwilini, na mkojo ukawa wa rangi ya chai. Ngazi ya mzee huyu si ya mgonjwa wako.

Jambo la pili lilikuwa nguvu. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa anakuja kumwinua mguu na mkono, na mzee alizidi kukonda. Ni kama kumwamuru punda avute mkokoteni bila kumpa nyasi. Kwa mgonjwa wa namna hii, mara nyingi wataalamu hulenga gramu 1 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ila kama figo zina shida hesabu hubadilika. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa kama 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15. Uji wa unga na maji hauwezi kufika huko hata ukinywewa kutwa. Sasa uji wa wimbi ukapikwa kwa maziwa na njugu zilizosagwa laini kabisa, kidogo kidogo mara sita kwa siku. Chumvi ikapunguzwa kwa sababu ya presha. Kipimo kwa mtu mzima yeyote ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula vya paketi.

Na kukaa je? Mgonjwa aketi wima, kidevu kimeshuka kidogo. Anayelisha aketi pia, asisimame juu yake kama askari. Kijiko kidogo, upande wenye nguvu, na mungoje ameze kabla ya kingine. Baadaye abaki ameketi nusu saa, na mdomo usafishwe. Kumlisha hivi huchukua kama dakika 40, mara sita kwa siku. Mama angelima saa ngapi? Hapa ndipo kikundi kilipoingia: wanachama wanne walifundishwa, wakagawana siku.

Neno kuhusu wauza unga wa miujiza sokoni wanaojiita madaktari wa lishe. Tangu sheria ya 2007, wataalamu wa lishe nchini Kenya husajiliwa na hupewa leseni. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Baada ya miezi minne mzee alikuwa amerudi tundu moja la mshipi. Mkono wa kulia bado haujaamka. Lakini alipimwa tena, akaruhusiwa chai, kwa mafunda madogo, akiwa ameketi. Mama alipoileta, mzee aliishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akatuangalia, akasema neno moja tulilolielewa sote: "Sukari?"

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:

Katika kijiji chetu, ni nani amelala ndani baada ya kiharusi, na nani anamlisha?

Mara ya mwisho tulipomtembelea mgonjwa, tulileta nini, na je, angeweza kukimeza?

Nani kati yetu yuko tayari kujifunza kulisha, na siku gani?