Umbali kutoka Soko la Kenyatta: jinsi ya kuukadiria kwa latitudo na longitudo

Moto ukizuka kwenye kibanda cha nyama choma, au mteja akizirai akisukwa nywele katika Soko la Kenyatta, anayepiga 999 au 112 sharti aeleze mahali alipo. Vibanda vimesongamana, na "karibu na bucha" hakumsaidii dereva wa ambulensi, maana bucha ni nyingi. Ramani ya simu ina jibu bora: bonyeza mahali ulipo kwa muda, nambari mbili zitatokea.

Ya kwanza ni latitudo, inayoonyesha mahali palivyo kaskazini au kusini ya ikweta. Ya pili ni longitudo, inayopimwa mashariki au magharibi kuanzia Greenwich, Uingereza. Soko liko karibu na −1.31, 36.80; jumba la KICC katikati ya jiji liko −1.29, 36.82.

Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 hivi. Ukiugawanya kwa digrii 360, kila digrii ni kilomita 111. Kati ya soko na KICC, latitudo inatofautiana kwa 0.02 na longitudo kwa 0.02. Zidisha kwa 111: kilomita 2.2 kuelekea kaskazini, 2.2 kuelekea mashariki. Pande hizo hukutana kwa pembe mraba, kwa hivyo 2.2 × 2.2 jumlisha 2.2 × 2.2 ni 9.68, na kipeuo chake cha pili ni 3.1. Hizo ni kilomita za mstari mnyoofu. Matatu hufuata barabara na kona zake, hivyo safari ni ndefu zaidi.

Hesabu hii nyepesi inafaa Nairobi kwa kuwa jiji liko jirani na ikweta. Huko London digrii moja ya longitudo ni kilomita 69 tu, kwani mistari hiyo hukaribiana kuelekea ncha za dunia.

Anayetuma nambari hizi asidharau ile alama ya kutoa. Ikiachwa, 1.31 huwa kaskazini ya ikweta, na gari litaelekezwa Samburu, mbele ya Maralal, kilomita 290 kutoka sokoni! Wala asikate desimali. Tarakimu mbili baada ya nukta zaweza kukosea kwa nusu kilomita. Nne hufikisha msaada ndani ya mita chache za kibanda chenyewe.