Ujumbe wa Utumbo na Sindano Mpya za Kisukari



Zamani wengi wetu huku Tarime na Serengeti tulidhani kisukari ni ugonjwa wa matajiri wa mjini. Utafiti wa vijiji sita vya Tanzania uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki hata mtu 1 kati ya 100. Mwaka 2012, uchunguzi wa kitaifa wa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takribani 9 kati ya 100. Hesabu hizo hazikufanywa kwa namna moja, lakini zinatuonya. Siku hizi tunasikia pia habari za sindano mpya za kisukari na unene. Tujifunze zinavyofanya kazi.

Utumbo hutuma ujumbe

Tunapokula ugali, utumbo hausagi chakula tu. Hutoa pia homoni, yaani wajumbe wanaosafiri katika damu. Mmoja wao huitwa GLP-1. Huyu ni peptidi, maana yake mnyororo mfupi wa viini vilevile vinavyojenga protini. Kazi zake ni tatu:

1. Huiamsha kongosho itoe insulini sukari inapopanda katika damu.
2. Hupunguza kasi ya tumbo kumimina chakula kwenye utumbo.
3. Huuarifu ubongo kwamba tumeshiba.

Mwaka 1964 wataalamu walionyesha kwamba sukari iliyonywewa huamsha insulini nyingi kuliko sukari iliyotiwa kwa dripu. Tofauti hiyo hutoka kwa wajumbe wa utumbo.

Dawa zilivyopatikana

GLP-1 ya mwili huharibiwa baada ya dakika chache tu. Katika sumu ya mjusi wa jangwani huko Marekani, aitwaye Gila, ilipatikana peptidi inayofanana nayo lakini inayodumu zaidi. Humo ikatokea dawa ya eksenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Mwaka 2017 ikafuata semaglutidi, inayodungwa mara moja kwa wiki. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari cha aina ya pili pamoja na unene na ugonjwa wa moyo au figo. Hata hivyo, bei bado ni kubwa mno kwa wengi wetu.

Tahadhari

- Sindano hizi si insulini. Mgonjwa wa aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa.
- Usiache vidonge vyako vya metformini ukingojea dawa mpya.
- Usinunue sindano kwa wachuuzi au mpakani. Huhitaji jokofu kabla ya kuanza kutumika, na huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha.
- Mama mjamzito asizitumie.

Tufanye nini sasa?

Ukiona kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu au kidonda kisichopona, nenda ukapimwe sukari mapema. Ugali wa mtama au wimbi, maharage na mboga, kwa kiasi, vinafaa kuliko soda na maandazi kila siku. Anayepanda bodaboda kila mahali atembee kidogo.

Maswali ya Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Katika jumuiya yetu, nani hajawahi kupimwa sukari?
2. Tutamsaidiaje mgonjwa asiye na nauli ya kliniki?
3. Katika sherehe zetu, tunaweza kupunguza nini mezani?