SOMO LA URAIA: FEDHA ZA MSAADA NA VYAMA VYA WANAWAKE

Somo letu la muhula huu ni juu ya fedha zinazotolewa na wahisani, na hata na serikali, ili wanawake wapate haki sawa na wanaume. Kila mmoja wetu, awe wa Mbulu au wa Hanang, amepata kusikia habari za mradi fulani uliokuja kijijini, ukakaa miaka miwili mitatu, kisha ukatoweka. Lakini kuna vikundi vya akina mama vilivyopata fedha kidogo tu na vingali vinaendelea. Yatupasa tuulize: tofauti yao ni nini? Jibu la somo hili ni fupi. Msaada hufaa pale unapowakuta wanawake wamekwisha kukutana na kujua wanalotaka.

1. Baraza la zamani

Wako watu wanaodhani kwamba vyama vya wanawake vililetwa na wageni. Tazama basi mila ya Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga wakaao kuuzunguka Mlima Hanang. Wana baraza liitwalo girgwageda gademga, maana yake mkutano wa wanawake. Mtaalamu mmoja wa Marekani, George Klima, aliyekaa nao katika miaka ya 1950, aliandika habari za baraza hilo mwaka 1964.

Alieleza kwamba mwanamume akivunja haki ambayo mila imeiweka kuwa ya wanawake, kosa hilo halihesabiwi kuwa ni la nyumba yake peke yake. Wanawake wa jirani hukusanyika mbali na wanaume, hulisikiliza shauri, humpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea, kisha hukata hukumu. Faini ni dume la ng'ombe. Mwanamume akikataa kulipa, wanawake waweza kumlaani, na laana hiyo huogopwa sana. Tena, msichana akiolewa hupewa ng'ombe na baba yake, na mume hana ruhusa ya kuwatoa ovyo.

Tusikuze mambo, lakini. Mashauri ya malisho na ya ukoo yalibaki mikononi mwa wazee wanaume. Hata hivyo tunajifunza kwamba wanawake hawa walikuwa na mkutano, utaratibu na nguvu ya kutekeleza hukumu yao, wala hawakungoja senti ya mtu.

2. Msaada usiouliza

Sasa tutazame upande wa pili. Tangu mwaka 1970 Kanada iliisaidia serikali yetu kulima ngano katika nyanda za Basotu, wilayani Hanang. Mashamba hayo, yaliyosimamiwa na shirika la umma la NAFCO, yalifikia kadiri ya ekari 100,000. Kusudi lilikuwa jema, yaani taifa lijilishe. Lakini ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, nao hawakushirikishwa katika kuamua. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 walishinda katika Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Mambo haya yanahusuje wanawake? Katika boma la mfugaji, maziwa ni kazi na riziki ya mama. Malisho yakipungua, wa kwanza kuona kibuyu kimekuwa chepesi ni yeye. Mashine zilizoletwa zilikuwa kubwa na wataalamu walikuwa hodari, lakini mwenye kibuyu hakuwamo katika hesabu.

3. Mifuko ya wanawake wenyewe

Umoja wa Wanawake wa Tanzania ulianzishwa mwaka 1962, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1995 mkutano mkuu wa wanawake wa dunia ulifanyika Beijing, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Bibi Gertrude Mongella. Baadaye wanawake wa Afrika walianza kuunda mifuko yao wenyewe ya kutoa fedha. Mwaka 2000 uliundwa mfuko wa wanawake wa Afrika wenye makao yake Accra, Ghana, na mwaka 2008 ukaanzishwa Mfuko wa Wanawake Tanzania. Mifuko ya namna hii hukusanya fedha kwa wahisani, kisha huzigawa kwa vikundi kama ruzuku. Kikundi chenyewe ndicho kieleze shida yake na njia ya kuiondoa, na baadaye kitoe hesabu.

Serikali nayo ina njia yake. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa ili utaratibu utengenezwe upya, ikarudishwa mwaka 2024. Dosari zilizoonekana ni mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, yaani vikundi vilivyoandikwa karatasini tu. Hapa somo letu linathibitika: fedha zilikuwapo, lakini mkutano wa watu haukuwapo.

4. Mambo mawili yasiyonunuliwa

La kwanza ni ukeketaji. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Manyara wanawake 58 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, na hakuna mkoa mwingine uliofikia kiasi hicho. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini jambo hili hufanywa na wanawake, kwa siri, ndani ya nyumba. Mhisani aweza kulipia semina na nauli. Uamuzi wa kuacha ni lazima utoke kwa akina mama na nyanya, wakiambiana wao kwa wao, na akina baba wakikubali kuoa wasichana wasiokeketwa.

La pili ni ardhi. Katika nyanda za juu za Mbulu mashamba ni haba, na mjane asiye na mtetezi huweza kunyang'anywa lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Tena inaagiza kwamba katika wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji, watatu wawe wanawake. Kiti hicho hakina faida ikiwa anayekikalia hana wenzake nyuma yake wa kushauriana nao.

Huenda mzazi akauliza: je, basi tukatae msaada? La, hasha. Mbolea haikataliwi, lakini haiwekwi pasipo mbegu. Kikundi na kiwe kwanza na siku ya kukutana, daftari la hesabu linalosomwa mbele ya wote, na kasha lenye kufuli tatu, funguo zikae kwa watu watatu. Hapo mfadhili akija atawakuta wenye nyumba, na akiondoka atawaacha wenye nyumba. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Maswali

1. Taja mambo matatu yaliyolipa nguvu baraza la wanawake wa Kibarabaig.
2. Halmashauri yenye mapato ya ndani ya shilingi 1,500,000,000 yapaswa kutenga kiasi gani kwa mikopo ya wanawake?
3. Kuna tofauti gani kati ya ruzuku na mkopo?
4. Uliza nyumbani: kikundi cha akina mama cha kijiji chenu kilianza lini, na nani hushika funguo za kasha lake? Andika ukurasa mmoja.