Farasi Mia Tano Katika Tangazo: Fizikia ya Gari Lililobadilishwa

Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kujifunza kani, kazi na nishati anazo zana za kutosha kupima ukweli wa tangazo la biashara. Na lichukuliwe tangazo la kubuni, lakini la aina inayoonekana mara kwa mara katika magazeti ya wapenzi wa magari ya zamani huko Marekani: "Inauzwa Pontiac GTO ya 1964. Injini imechongwa na kubadilishiwa kabureta, kemshafti na ekzosi. Nguvu-farasi 500. Rangi mpya. Breki za asili." Fedha zinazotakiwa ni nyingi. Je, mnunuzi anauziwa nini hasa?

Gari lenyewe lina historia ya kuchekesha kidogo. Kampuni ya General Motors ilikuwa imejiwekea kanuni kwamba magari yake ya ukubwa wa kati yasiwekewe injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa tawi la Pontiac, mhandisi mkuu wao akiwa John DeLorean, waliizunguka kanuni hiyo: injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4 hivi, haikutangazwa kuwa ya gari jipya, bali nyongeza ya hiari kwa mnunuzi wa gari la Tempest LeMans. Magari 32,450 ya namna hiyo yaliuzwa katika mwaka wake wa kwanza, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyohiyo. Ndiyo asili ya yale ambayo Wamarekani huyaita "magari ya misuli": mwili wa kadiri, injini ya kupindukia. Ujanja huo unamgusa mnunuzi wa leo pia. Kwa kuwa GTO ya 1964 ilikuwa LeMans yenye nyongeza, namba yake ya chasisi haiitofautishi na LeMans ya kawaida. Asiyedai hati za kiwandani anaweza kulipia jina tu.

Sasa hao farasi. Nguvu-farasi moja ni wati 746. Kiwanda kilitangaza kwamba injini hiyo ilikuwa na nguvu-farasi 325, au 348 ikiwa na kabureta tatu. Lakini katika miaka hiyo injini ilipimwa ikiwa juu ya meza ya majaribio, bila kichujio cha hewa, bila ekzosi ya gari, bila feni. Ni sawa na kumpima mchukuzi kabla hajatwishwa mzigo. Kuanzia magari ya 1972 viwanda vya Marekani vilianza kutangaza nguvu halisi, injini ikiwa imevikwa vifaa vyake vyote. Injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette, iliyoandikiwa 330 mwaka 1971, iliandikiwa 255 mwaka 1972. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na kipimo, wala si kudhoofika kwa injini. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwuzaji ni hili: hao 500 walihesabiwa wapi, na kwa kipimo gani?

Kuchonga silinda hakuwezi kuwaleta. Silinda za injini hii zina kipenyo cha milimita 103.2, na pistoni husafiri milimita 95.25, silinda ni nane. Mwanafunzi akizidisha atapata ujazo wa lita 6.37. Fundi akichonga ili kipenyo kiongezeke kwa milimita 0.76, kadiri iliyo ya kawaida, ujazo unakuwa lita 6.47. Ongezeko ni asilimia 1.5 tu! Kazi hiyo ni ya kuondoa uchakavu. Faida yake katika nguvu ni ndogo mno.

Nguvu hutoka katika hewa. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo 14.7 hivi za hewa ili iungue sawasawa, na injini isiyoweza kuvuta hewa zaidi haiwezi kuunguza petroli zaidi. Ndiyo sababu kabureta, kemshafti na ekzosi hubadilishwa kwa pamoja. Kemshafti mpya huziacha vali wazi kwa muda mrefu zaidi, na injini ikizunguka kwa kasi kubwa hujaa hewa vizuri. Lakini hakuna cha bure: kwa mizunguko midogo injini hiyohiyo hutetemeka na kukosa nguvu, na katika foleni ya mjini humchosha dereva. Kuhusu petroli, injini ya 1964 ilikandamiza mchanganyiko wake kwa uwiano wa 10.75 kwa 1, na ilitegemea petroli ya okteni ya juu yenye risasi. Petroli hiyo ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani mwaka 1996. Ikitiwa petroli hafifu, injini itagonga, na kugonga huko huweza kutoboa pistoni.

Haya, tuseme kwamba farasi 500 wapo kweli. Wanaweza kufanya nini? Gari pamoja na dereva lina tungamo la kilo 1,700, na huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Ikikadiriwa kwamba nusu ya uzito inayakalia magurudumu hayo, kani inayoyabana barabarani ni nyutoni 8,330. Kizigeu cha msuguano kikiwa 0.8, tairi haziwezi kulisukuma gari kwa kani inayozidi nyutoni 6,660 hivi. Nguvu ni kani mara kasi. Gari likiwa katika kasi ya mita 10 kwa sekunde, yaani kilometa 36 kwa saa, nguvu inayoweza kutumika ni wati 66,600, ambazo ni nguvu-farasi 89. Wengine wote huishia kuunguza mpira na kutoa moshi. Ili wote 500 wapate kazi ni lazima gari lifikie mita 56 kwa sekunde, yapata kilometa 200 kwa saa. Tairi laini za mashindano huipunguza kasi hiyo, na uzito kuegemea nyuma wakati wa kuondoka husaidia pia. Lakini tangazo halikutaja tairi.

Lilitaja breki, tena kwa fahari: za asili. Hapo ndipo penye hatari. GTO ya 1964 ilikuwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Gari hilo likisimamishwa kutoka kilometa 120 kwa saa, nishati mwendo ya jouli 944,000 lazima igeuke joto. Theluthi mbili hivi huangukia breki za mbele. Ikiwa kila ngoma ya mbele ina kilo 10 za chuma, na kilo moja huhitaji jouli 460 ili ipande nyuzi moja, kusimama mara moja huzipandisha ngoma hizo nyuzi 68. Mara tatu mfululizo, zaidi ya 200. Ngoma ikipata joto hutanuka na kukimbia viatu vyake, na pedali huzama chini ya mguu. Diski ikitanuka huzisogelea pedi. Breki za diski za mbele zilianza kutolewa kwa GTO katika magari ya 1967. Zaidi ya hayo, masta silinda ya 1964 ilikuwa ya chumba kimoja: mafuta yakivuja kwenye gurudumu moja, breki zote nne hupotea.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: gari hilohilo lisimamishwe mara moja kutoka kilometa 160 kwa saa. Ngoma za mbele zitapanda nyuzi ngapi, na ni kiasi gani cha fedha za rangi mpya ambacho mnunuzi angekihamishia kwenye breki?