SOMO: KUSUGUA VIGAE VYA CHUPA VYA PWANI

Ndugu Wanachama,

Wapo miongoni mwetu wenye watoto na jamaa wanaokaa Sinza, Dar es Salaam, na baadhi yao wameuliza habari za pipa la kusugulia mawe. Je, laweza kung'arisha vile vigae vya chupa viokotwavyo pwani ya Msasani au Kunduchi, vikauzwa kwa vipuli na vidani? Jibu ni kwamba laweza. Lakini kabla ya kutia kitu pipani yafaa kujua kinachopotea.

Kigae cha pwani ni chupa iliyotupwa zamani. Mawimbi hukisugua kwa mchanga na mawe, mara nyingi miaka 20 au zaidi, mpaka makali yakaisha. Maji ya chumvi nayo huula uso wa kioo polepole, ukawa kama una ukungu. Ukungu huo ndio thamani yake, maana kioo king'aacho kimejaa tele kila jaa. Ukikisugua kikang'aa, umefuta kwa majuma machache kazi ya miaka mingi.

Basi kwanza chagua. Vigae vilivyokamilika, vyenye ukungu pande zote, vioshe kwa maji matupu uviache vilivyo. Vya kutia pipani ni vile vyenye makali bado, au vilivyomeguka karibuni.

Pili, jaza pipa theluthi mbili kwa vigae vya ukubwa mbalimbali, pamoja na vidonge vya plastiki ili vigae visigongane. Usichanganye kioo na mawe magumu, kwani yatakichubua. Tia maji yakaribie kuvifunika. Kwa pipa dogo la ratili 3, unga wa msasa vijiko 2 vya chakula vyatosha.

Tatu, fuata daraja za unga. Kigae chenye makali huanza na namba 120/220, kisha namba 500 au 600, kila daraja kama juma moja, pipa likizunguka usiku na mchana. Atakaye ukungu tu na aishie daraja ya kwanza. Atakaye kung'arisha amalizie kwa unga wa seriamu oksaidi, ambao hutumiwa na mafundi wa vioo.

Nne, baina ya daraja na daraja osha pipa, kifuniko na kila kigae kwa uangalifu. Punje chache za unga mnene zikibaki zitakwaruza kazi yote.

Tano, angalia afya na jirani. Usisage kioo kikavu, kwa kuwa vumbi lake hudhuru mapafu. Na vaa glavu ushikapo vyenye makali. Tope la pipani usilimwage katika sinki wala mfereji, maana hutuama likaziba bomba kama saruji. Liache lichuje ndooni, kisha ulitupe pamoja na taka. Na kwa kuwa nyumba za Sinza zimekaribiana, weka mashine juu ya mpira mnene, mbali na ukuta wa mwenzio, asije akakosa usingizi majuma mawili kwa ajili ya vipuli vyako.

Limebaki jambo lililo kubwa kuliko yote. Wapo wachuuzi wanaovunja chupa mpya, wakazisugua pipani mpaka zikapata ukungu, kisha wakaziuza kwa jina la vigae vya bahari. Mwenye macho hutambua: ukungu wa pipa ni sawasawa kila upande, bali wa bahari haulingani, na mara nyingi una alama ndogo ndogo kama mwezi mwandamo. Lakini wengi hawatambui, na hao ndio wanaopunjwa.

Sisi wakulima wa karafuu twalijua jambo hili. Makonyo ni mali, nayo hukamuliwa mafuta. Lakini makonyo yaliyofichwa ndani ya gunia la karafuu ni hadaa, na mnunuzi akiyagundua hushusha bei ya gunia zima, na pengine ya kisiwa kizima. Dini yetu nayo imetukataza kuficha aibu ya bidhaa.

Basi waandikieni watoto wenu wa Sinza: kazi ya pipa ni halali na ina wanunuzi wake, ila iuzwe kwa jina lake. Cha bahari kiitwe cha bahari, na cha pipa kiitwe cha pipa.

Wasalaam,
Katibu