Kisigino cha Mtoto na Gurudumu la Baiskeli

Msimu wa kahawa huku Mbozi baiskeli hubeba gunia, ndoo, na mtoto nyuma kwenye keria. Njia za mashambani hapa Nanyala hazina malori kama barabara kuu ya Tunduma, lakini mtoto anayening'iniza miguu huumia hata huko. Kisigino kikinaswa na spoki, ngozi hupondwa. Siku ya kwanza sisi wauguzi huona mchubuko tu. Baada ya siku chache ngozi ile yaweza kuwa nyeusi na kufa. Osheni kwa maji safi mengi na sabuni, msipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, fungeni kitambaa safi, mleteni siku hiyo hiyo. Pengine atahitaji chanjo ya pepopunda. Fundi wa baiskeli aweza kufunga kipande cha ndoo kuukuu pembeni mwa gurudumu, na vyuma viwili vya kukanyagia.