Maana ya Namba za Kuzuia Maji na Vumbi katika Eafoni Zisizo na Waya

Mnunuzi anayesimama mbele ya meza ya vifaa vya simu jijini Dodoma, iwe karibu na Nyerere Square au katika Soko la Majengo, huonyeshwa eafoni za Bluetooth na kuambiwa neno moja la kumaliza mazungumzo: "Hizi haziingii maji." Pengine muuzaji humwonyesha boksi palipoandikwa "waterproof", au herufi na tarakimu kama IPX5. Kwa sababu ya maneno hayo bei hupanda, na mnunuzi hulipa. Baada ya miezi michache upande mmoja hunyamaza. Akirudi dukani huambiwa kuwa kifaa kimeingia maji, na kwamba uharibifu wa maji haumo katika dhamana. Hivyo neno lililouza bidhaa linageuka kuwa neno la kumnyima mnunuzi haki yake. Katika somo hili tunaeleza namba hizo zinaahidi nini hasa, na mambo gani haziyaahidi kabisa.

Tuanze na neno lenyewe. "Waterproof" si kipimo, na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuliandika. Kipimo ni namba inayotokana na kiwango namba 60529 cha Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, yenye makao yake Geneva, Uswisi. Herufi IP hufuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza, kuanzia 0 hadi 6, hueleza kinga dhidi ya vitu vigumu, vikubwa hata vumbi laini. Tarakimu ya pili, kuanzia 0 hadi 9, hueleza kinga dhidi ya maji. Penye herufi X badala ya tarakimu, maana yake ni kwamba kwa upande huo hakuna kipimo kilichotajwa. Wako wauzaji wanaoisoma X kana kwamba ni ishara ya nguvu za ziada. Sivyo. X ni nafasi iliyoachwa wazi, na mnunuzi hana msingi wa kuijaza kwa matumaini.

Sasa tutazame majaribio. Kifaa chenye 4 katika nafasi ya pili kimerushiwa maji kutoka kila upande kwa muda usiopungua dakika 5. Chenye 5 kimepigwa na maji yatokayo kwa nguvu katika mdomo wenye upana wa milimita 6.3, lita 12.5 kwa dakika, kutoka umbali wa mita 2.5 hadi 3, kwa muda usiopungua dakika 3. Chenye 7 kimezamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30. Namba 8 inahusu masharti makali kuliko hayo ya 7, lakini kina na muda hutajwa na mtengenezaji mwenyewe; kwa hiyo IPX8 isiyo na maelezo ya kina na muda ni sentensi iliyokatwa katikati.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba namba kubwa humeza namba ndogo. Hadi 6 ni kweli, lakini baada ya hapo si lazima iwe hivyo. Kuzama katika maji yaliyotulia ni jambo moja, na kupigwa na maji ya bomba ni jambo jingine. Kifaa kilichofaulu majaribio yote mawili huandikwa namba zote mbili, kwa mfano IPX5/IPX7. Na anayenunua IPX8 akitaka kusikiliza muziki huku akiogelea ajue kwamba mawimbi ya Bluetooth humezwa na maji. Eafoni inaweza kunusurika, lakini sauti kutoka kwenye simu itakatika mara tu kichwa kinapozama.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo kwa mkazi wa nyanda za kati lina uzito kuliko yote. Dodoma ni nchi kame. Katika sehemu kubwa ya mkoa mvua ni kati ya milimita 500 na 700 hivi kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya jua, upepo na vumbi. Anayetembea kwa miguu Chamwino au Bahi mwezi Septemba, au anayefanya mazoezi ya kukimbia kandokando ya barabara isiyo na lami, hana hofu ya kunyeshewa. Ana hofu ya vumbi jekundu linaloingia hadi ndani ya kabati lililofungwa. Kwake tarakimu ya kwanza ndiyo yenye maana kubwa. Na ajabu ni kwamba eafoni nyingi zinazosifiwa kwa kuzuia maji huwa na X mahali hapo hasa. Katika tarakimu hiyo, 5 maana yake ni kwamba vumbi linaweza kupenya kidogo lakini si kiasi cha kuharibu utendaji wa kifaa, na 6 maana yake ni kwamba halipenyi. Kwa maoni yetu, mkazi wa Dodoma anayechagua kati ya IPX5 na IP54 kwa bei ileile ana sababu nzuri ya kuchukua IP54. Anapoteza kidogo kwa upande wa maji, na anapata ahadi ya vumbi ambayo nyingine haikuitoa.

Vumbi lina hila nyingine. Likichanganyika na jasho na nta ya masikio huwa tope laini linaloziba wavu mdogo wa kutolea sauti. Sauti hufifia upande mmoja, na wote wawili, mnunuzi na muuzaji, hukimbilia kusema kuwa maji yameingia. Kabla ya kukubali hukumu hiyo, safisha wavu kwa brashi ndogo laini na kavu, ukielekeza tundu chini ili uchafu usisukumwe ndani.

Jambo jingine ni aina ya maji. Majaribio tuliyoyaeleza hufanywa kwa maji safi, kwa kifaa kipya, katika chumba cha maabara. Jasho lina chumvi. Sabuni hulegeza maji yakapenya mahali ambapo maji matupu yasingepenya. Na maji ya visima katika sehemu nyingi za Dodoma, kama kila mwenye birika lenye ukoko mweupe anavyojua, yana chumvichumvi na madini yake. Yakikauka juu ya vidoto vya chuma vya kuchajia, huacha utando unaozuia umeme. Kwa hiyo anayetokwa na jasho jingi afute eafoni zake kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo maji safi, kisha kwa kitambaa kikavu. Asizioshe bombani kwa kuwa tu boksi limeandikwa 5.

Kikasha cha kuchajia nacho husahaulika. Mara nyingi namba iliyochapwa kwenye boksi ni ya vipande vya masikioni peke yake, na kikasha hakina kinga yoyote. Kurudisha eafoni zenye jasho ndani ya kikasha na kuufunga mfuniko ni kuziweka pamoja maji, chumvi na umeme, na vitu hivyo vitatu hula chuma upesi. Ziache zikauke mezani kwanza. Kuzitia ndani ya mchele hakusaidii. Huongeza unga na vipande vidogo kwenye matundu. Wala kinga hiyo si ya milele: mpira na gundi huchakaa kwa joto na kwa kuanguka, na eafoni iliyofunguliwa na fundi isihesabiwe tena kuwa na namba iliyozaliwa nayo.

Kuhusu haki. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inamkataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu ubora na kiwango cha bidhaa. Kusema kwamba kifaa kina IPX7 ilhali hakina ni maelezo ya namna hiyo, hata kama yamesemwa kwa mdomo tu. Shida ya maneno ya mdomo ni ushahidi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali mawili: namba hii ni ya eafoni pekee au na kikasha pia, na dhamana inahusu uharibifu wa maji au haihusu? Mwombe aandike majibu kwenye risiti, pamoja na jina la modeli. Muuzaji anayesita kuandika alichokwisha kukisema amekupa jibu tayari. Dai risiti ya EFD, piga picha ya boksi pande zote, na usilitupe boksi hadi muda wa dhamana uishe.

Kifaa kikiharibika, rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na vitu hivyo, na ueleze kwa usahihi kilichotokea: kilinyeshewa, kiliangushwa ndooni, au hakikugusa maji kabisa. Kifaa chenye IPX7 kilichokaa dakika mbili ndani ya ndoo ya maji kikafa hakijatumiwa vibaya. Kimeshindwa kufanya kile kilichoahidiwa, na muuzaji hawezi kujificha nyuma ya neno "maji". Akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya risiti na picha za boksi. Nakala halisi baki nazo wewe mwenyewe.